Aliyeingia Bila Kukosea

Saa nane na dakika kumi na saba usiku
Lutengano ameingia kazini.
Hivyo ndivyo inavyosema seva,
na seva haina mazoea ya kutania.

Niko ghorofa ya nne, Mtaa wa Livingstone.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
taa za swichi zinakonyeza kijani, kijani, chungwa,
na huko chini Kariakoo imelala kidogo tu,
kama mama mwenye mtoto mchanga.

Lutengano tulimzika Tukuyu, mwezi wa tano.
Nilichanga elfu thelathini. Nilishika shada.
Mvua ilinyesha, udongo ukatung'ang'ania viatu
hadi tukarudi nao Dar.

Getini, Mkomwa haruhusu mtu apite hivi hivi:
jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani, saini hapa.
Hata mwenyekiti wa chama alisaini, amenuna.
Lakini mlango huu mwingine, usio na bawaba,
nilikabidhiwa mimi,
nami niliuacha umeegeshwa
kwa ajili ya mtu ambaye hatarudi.

Sikusahau. Niseme kweli maadamu bado ni usiku.
Barua ya utumishi ilifika, ikakaa chini ya kikombe,
ikapata duara la chai.
Kila Ijumaa nililiona jina lake kwenye orodha,
kati ya Lukresia na Mabula,
na kidole changu kikaruka.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakusema kitu kuhusu nguo za marehemu
zinazoning'inia bado nyuma ya mlango,
ambazo mgeni anaweza kuzivaa
zikamkaa.

Nilijuaje si yeye? (Kama wafu wangekuwa na zamu.)
Lutengano alikuwa na vidole vya mlima viazi.
Miaka tisa, hakuwahi kuingia kwa jaribio la kwanza.
Neno lake la siri alilikosea mara mbili, kila asubuhi,
akasonya, akafuta miwani kwa tai, akaniita:
"Binti, mashine yako imenikataa tena."
Kumbukumbu za mfumo zinamtambua hivyo:
kosa, kosa, sawa.
Kosa, kosa, sawa.

Usiku huu: sawa.
Mara moja. Safi.
Kidole kisicho na historia.

Sasa anatembea ndani ya hesabu, taratibu,
anapapasa akiba za wauza vitunguu,
mkopo wa Bi Siwatu wa cherehani ya pili,
ada za watoto ambao bado hawajazaliwa.
Simuoni uso. Naona anwani yake tu, namba za mbali
zinazobadilika kama kinyonga juu ya kanga.
Tunao ukuta wa moto, ndiyo. Tunauita hivyo
ingawa haupashi hata chai.
Na ukuta utamzuiaje
anayebisha hodi kwa jina la mwenyeji?

Nikamkata.
Nikachomoa na waya pia, kwa mkono,
jambo lisilohitajika, fundi yeyote atakwambia,
nikauchomoa kama mwiba.
Taa ya chungwa ikazimika.
Ndoo ikaendelea: to, to, to.

Nikahesabu. Hakuna shilingi iliyotoka.
Nikabaki na jina.

Mfumo ukaniuliza, kwa adabu yake ileile:
Una hakika unataka kumfuta mtumiaji huyu?

Nje mkokoteni wa kwanza ulipita ukigonga lami,
umelemewa na magunia; sauti ikaita, "Mbeya hiyo, viazi!"
na mwingine akajibu kwa mluzi.

Niliandika jibu. Nikakosea.
Nikaandika tena. Nikakosea.
La tatu likakubaliwa.